Marahaba Itakayochelewa

Igoma, Mwanza
Jumapili, jioni

Mwanangu Maduhu,

Nimeanza barua hii kwa kuandika "Baba mpendwa," nikafuta, nikaandika tena, nikafuta tena. Hilo si jina ninalokuitia ninapokuwa na jambo la kweli. Basi naandika kama ulivyonizoesha. Wewe ni baba yangu mzazi na mimi ni binti yako wa kidato cha tatu, lakini ulinipa jina la marehemu mama yako, Kabula, na tangu siku hiyo hujawahi kuniita vingine ila Mama. Mwenye jina la mama ni mama. Watu hucheka wakitusikia, ila kwetu Usukumani si mzaha mtupu. Kwa hiyo leo mama yako anakuandikia, maana kesho alfajiri unapanda basi kwenda Kigoma, na mama hamwachi mwanawe aondoke nyumbani bila neno.

Sasa hivi nakusikia nje. Jirani yetu Mzee Salum alikuja kukuaga tu, lakini katika mazungumzo akataja kwamba bawaba ya geti lake imeachia, nawe ukamwambia huwezi kusafiri ukiacha geti la mtu linaning'inia. Umevaa tena ovaroli ambayo mkeo alikuwa ameshaifua na kuikunja. Amekutazama, akasema, "Haya," kwa sauti ile unayoijua, kisha akarudi kwenye cherehani kumalizia suruali yako. Kila mara mashine yako ya kuchomelea inapowaka, mwanga wa buluu unaingia dirishani na kuruka juu ya karatasi hii. Naandika katikati ya mimuliko yako.

Sitakuagiza habari za sweta, wala za chandarua, wala kula kwa wakati. Mkeo, ambaye ni mama yangu lakini katika barua hii ni mkwe wangu, ameshayasema yote, na mengine ameyasema mara mbili. Mimi nataka kukuambia kuhusu viti viwili nilivyovikalia mwaka huu. Kimoja ni cha plastiki, kipo shuleni. Kingine ni kile kigoda cha Bibi kule Bujora, nyumbani kwa ukoo wetu. Viti hivyo ndivyo vilivyonifundisha namna ya kukuacha uende, ingawa hata sasa sijafaulu vizuri.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza darasa la kwanza? Ulinifikisha getini, ukachuchumaa hadi tukawa sawa kwa kimo, ukasema, "Shikamoo, Mama." Nikajibu kama nilivyokuwa nikijibu kila asubuhi nyumbani, "Marahaba, mwanangu, usichelewe kazini." Mwalimu wa zamu alidondosha chaki. Mchana aliniita ofisini akaniuliza ni nani aliyenifundisha kupokea shikamoo ya mtu mzima mwenye ndevu. Sikuweza kumweleza. Nilikuwa na aibu ya kusema mbele ya mtu yeyote asiye wa nyumbani, na aibu hiyo haijaniacha. Lakini kwako sikuwahi kuwa na aibu. Kwako nilikuwa mtu mkubwa. Na wewe hukuwahi kuondoka kabla hujaitikiwa. Hata siku nilipokuwa na homa na sauti haitoki, ulisimama mlangoni na begi lako la vifaa mpaka nikapunga mkono.

Sasa kiti cha plastiki.

Nilikuambia kwamba shule yetu imeanzisha Bunge la wanafunzi, lakini nadhani nilikueleza vibaya, maana ulikuwa unakula na mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza kusema. Nchi yetu ina Bunge la chumba kimoja. Mwalimu wetu wa Uraia alitaka tuone jinsi wengine wanavyofanya, kama majirani zetu wa Kenya wenye Seneti, na nchi nyingine za mbali ambazo nilizisoma maktaba. Akaligawa Bunge letu mara mbili. Baraza la Chini lilifuata wingi wa watu, kwa hiyo wanafunzi wa bweni wakalijaza. Baraza la Juu tulikuwa wachache, na kila kundi lilileta wajumbe sawa: wa bweni sawa na sisi wa kutwa, vidato vya juu sawa na vya chini. Jambo lilipita kwanza chini, kisha likaletwa kwetu. Hatukuwa na uwezo wa kuliua. Tuliweza kulirudisha mara moja, likasomwe upya. Likija mara ya pili, linapita.

Upande wa serikali uliongozwa na rafiki yangu Rehema. Unamfahamu, yule aliyekuja hapa akakuuliza kwa nini chuma hakiungui. Upande wa pili ulihitaji kiongozi wa upinzani, na hakuna aliyeutaka wadhifa huo. Nani anataka kushindwa kila wiki mbele ya shule nzima? Mwalimu akauliza ni nani aliyesoma kanuni zote. Nilidhani ni swali tu. Nikanyoosha kidole. Hivyo ndivyo mtu anayeogopa kuomba kalamu dukani alivyokuwa Kiongozi wa Upinzani wa Baraza la Juu.

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa kwa mtihani. Nilisoma kwamba upinzani ni kupinga, nikaamini hivyo hivyo. Kikao cha kwanza nikapinga hoja ya ratiba ya michezo. Nikapinga hoja ya kupaka rangi mawe ya bustani. Kisha Rehema akasimama na kutoa hoja ya kumpa pole mwalimu wa Kilimo, aliyekuwa amefiwa na kaka yake. Ikawa zamu yangu. Nilikuwa nimeshaandika jibu kabla ya kikao, nikainamia karatasi, nikasoma, "Mheshimiwa Spika, upinzani hauungi mkono."

Spika, kaka mmoja wa kidato cha sita mwenye sauti nzito, aliinama mbele akaniuliza polepole, "Mnapinga msiba?"

Nilikaa chini. Kwa muda mrefu baada ya hapo jina langu shuleni lilikuwa Mpinga Msiba. Mpinga Msiba, sogea kwenye foleni. Mpinga Msiba, umepiga deki? Hata mama muuza maandazi wa getini alilijua. Nilipokusimulia, ulicheka hadi ukaweka kikombe chini. Kisha ukaniuliza, "Kwa hiyo, Mama, hata mimi nikifa utapinga?"

Nikasema, "Nitapinga."

Ukaacha kucheka. Ukachukua kikombe chako, nami nikachukua vitabu vyangu.

Mwalimu wa Uraia hakunigombeza. Aliniambia kwamba serikali ina haraka kwa sababu ina kazi, na si vibaya iwe na haraka. Mimi nimewekwa pale ili kitu kisipite bila kutazamwa na mtu asiye na haraka. Nikikitazama nikaona hakina kosa, basi niseme ndiyo, tena kwa sauti ile ile ninayosemea hapana. Akasema ndiyo ya mtu aliyekaa upande wa pili watu huiamini kuliko ndiyo zote za upande wenyewe. Nilikwenda kumwomba msamaha mwalimu wa Kilimo. Alinitazama, akasema kaka yake angecheka sana, maana alikuwa mbishi.

Halafu likaja suala la uji. Baraza la Chini lilipitisha kwamba uji unywewe kabla ya mstari wa asubuhi ili vipindi vianze mapema. Kwa wa bweni lilikuwa jambo jema kabisa. Lakini wa kutwa wanaotoka Kisesa na mbele yake huko hufika mstari ukiwa umeshapangwa. Wangekuta sufuria zimeoshwa. Mimi natoka hapa Igoma, ningewahi. Nadhani ndiyo maana niliweza kusema, kwa sababu sikuwa nikijisemea. Rehema alitoa hoja vizuri, akamalizia kwa kusema wanaochelewa waamke mapema kama wenzao. Watu wakapiga meza.

Nilisimama. Sikuwa nimeandika kitu cha maana. Sikusema hoja ni mbaya. Nilisema naomba irudi, na kabla haijaletwa tena, Kiongozi wa Shughuli za Serikali asimame getini asubuhi moja. Ni hayo tu. Wajumbe wa kutwa wakaniunga mkono, na hoja ikarudi.

Rehema alisimama getini. Ilikuwa imenyesha. Aliwaona wa Kisesa wakija, sketi zimelowa hadi magotini, wakikwangua tope kwenye viatu kwa vijiti kabla mwalimu wa zamu hajawaona. Hoja ilipokuja mara ya pili, ilikuwa na mstari mmoja zaidi: sufuria moja ibaki jikoni kwa ajili ya wanaotoka mbali. Ikapita. Kwa kumbukumbu za Baraza, upinzani ulishindwa. Tulipotoka, Rehema akanivuta mkono hadi jikoni, akanimiminia kikombe. "Umenichosha, Kabula," akasema. "Kunywa."

Niliifurahia siku ile kuliko ninavyoweza kueleza. Nikadhani nimeujua upinzani wote.

Ndipo ukaja na habari za Kigoma. Fundi mwenzako alikuwa amekuambia kuna meli zinakarabatiwa katika ziwa la kule, wanahitaji watu wa kuchomelea, na kazi yenyewe ni ya muda mrefu. Uliongea ukitazama mikono yako. Mkeo alifurahi, kisha akauliza sisi tutakuwaje, nawe ukasema hilo litazungumzwa Bujora. Wakati huo nilikuwa nawasikiliza huku nikijifanya nasoma, na mstari mmoja niliusoma mpaka taa ikazimwa.

Kule Bujora nilipewa kigoda cha Bibi kama kawaida. Unajua nilivyokikalia miaka yote: pembeni, kama mtu aliyeazimwa. Nilipewa kwa sababu ya jina, nikala, nikanyamaza, tukarudi mjini. Siku ile kaka yako Shija, Baba Mkubwa wetu, ambaye kwa jina hili naye ni mwanangu, alisema maneno yake kwa utaratibu. Wewe uende Kigoma. Nyumba ya Igoma tunayopanga irudishwe kwa mwenyewe. Mkeo, mimi na mdogo wangu Daudi tuhamie pale kwake, tubadilishe shule, na cherehani ije huko. Alisema kwa upendo, sitasema uongo. Alikuwa ameshafikiria hadi chumba. Watu wote wakasema ni sawa. Ikafika kwako, ukatazama chini, ukasema, "Kaka akisema, mimi nina lipi?"

Nikakutazama. Ulikuwa umeinama kama mimi nilivyoinamia karatasi yangu siku niliyopinga msiba.

Asubuhi ya siku ile, tukiwa tunasubiri gari, mkeo alikuwa ameniambia jambo ambalo nadhani hakukuambia wewe. Alisema wateja wake wote wanaijua baraza ile ya duka anaposhonea pale soko kuu, wanakuja hata bila kupiga simu. "Bujora nitamshonea nani?" akasema. "Mbuzi?" Akacheka mwenyewe, kisha akatazama pembeni. Na sasa alikuwa ameketi na wake wengine wa ukoo karibu na jiko, mahali ambapo mtu anasikia kila kitu na hasemi kitu.

Sikuwa na karatasi. Nilisema, "Naomba jambo hili lirudi, lisomwe tena."

Baba Mkubwa alitabasamu. "Mtoto wa shule katuletea Bunge hapa," akasema, na watu wakacheka, hata wewe ulicheka kidogo.

Nikasema, "Mwenye cherehani hajaulizwa."

Karibu na jiko mtu aliangusha kifuniko.

"Mayu," Baba Mkubwa akasema, na aliponiita mama kwa Kisukuma nilijua ameacha kutania, "jambo hili limekwisha."

"Halijaisha, mwanangu."

Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Mimi siwezi kumwambia Baba Mkubwa hivyo. Niligundua kwamba nilikuwa nimejisogeza nikakaa katikati ya kigoda. Dada yenu, Shangazi Minza wa Sengerema, akapiga makofi akasema, "Mwacheni. Marehemu amerudi na madaftari." Wakacheka tena, kicheko cha namna nyingine, na Baba Mkubwa, kwa sababu hakuna anayebishana na mama yake mbele ya watu, akasema basi, tutakaa tena.

Tulirudi mjini nikiwa na furaha ya uji. Hapo ndipo kosa langu lilipo, mwanangu, na ndilo hasa ninalokuandikia.

Ulisema huwezi kwenda Kigoma ukiacha nyumba haijaamuliwa. Basi la wenzako likaondoka bila wewe. Ulikuwa umeshaaga pale ulipokuwa ukifanya kazi, kwa hiyo ukabaki nyumbani. Ulipaka mafuta bawaba za milango yetu yote, na zilikuwa hazilii. Ulifuta kioo cha kinyago chako cha kuchomelea, ukakitazama kwenye mwanga, ukakifuta tena. Mchana ulitembea hadi ziwani, ukarudi bila kusema umeona nini. Mkeo alipokea vitambaa vya sare ambavyo asingevipokea siku nyingine, akashona hadi vidole vikavimba. Hamkugombana. Mlizungumza kwa upole mno, kama watu walio kwenye nyumba ya wagonjwa.

Shuleni, nilipoirudisha hoja ya uji, wote tuliendelea kunywa uji kama kawaida. Kusubiri hakukumgharimu mtu. Kanuni zetu hazisemi nani anakaa na njaa wakati baraza linatafakari. Niliomba subira, na mkaibeba ninyi.

Na mimi, kila nilipotoka shule, nilifika kwenye kona ya duka la Mzee Salum nikasikiliza. Nikisikia kikohozi chako ndani, moyo wangu unatulia. Bado upo. Siku moja Daudi aliniuliza, "Baba haendi tena?" Nikamjibu, "Haendi," haraka, kwa sauti ambayo mtu hutangazia ushindi. Daudi alifurahi akakimbia kucheza. Mimi nilibaki nimeshika ndoo, nikisikia tena nilivyosema.

Nilisema cherehani, mwanangu. Nilimaanisha wewe.

Cherehani ilikuwa kweli. Mkeo alistahili kuulizwa, na ningelisema tena hata leo. Lakini nilikuwa nimejificha nyuma yake. Nilitaka jambo lirudi na lipotee njiani. Mtu anayekaa upande wa pili anaweza kuwa na sababu nzuri mkononi na nyingine kifuani, na watu watampigia makofi kwa ile ya mkononi. Hakuna kitabu nilichosoma kuhusu upinzani kilichoniambia hivyo. Baada ya hapo nilisimama na hoja nyingine Baraza la Juu, na kila mara kabla sijanyanyuka najiuliza ninachokitetea ni kipi hasa. Wakati mwingine jibu linanifanya nibaki nimekaa.

Kikao cha pili cha Bujora ulikuwepo, sihitaji kukusimulia kirefu. Baba Mkubwa mwenyewe alimwita mkeo kutoka jikoni na kumvutia kiti. Mkeo alisimama, akaongea machache akiwa bado ameshika mwiko: atabaki Igoma na kazi yake, sisi tubaki shule zetu, na Shangazi Minza amekubali kuja kukaa nasi. Kaka yako akasema atakuwa anakuja kututazama, na asije akakuta mtu amekonda. Ikakubaliwa. Halafu akanigeukia mimi, pale kwenye kigoda.

"Mayu, unasemaje? Au unarudisha tena?"

Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa ukinitazama kwa macho yale ya getini, ya mtu aliyetoa shikamoo na bado hajaitikiwa. Nilijua jambo moja, na nadhani ulilijua pia. Shuleni kanuni inasema mara moja tu. Bujora hakuna kanuni iliyoandikwa. Ningesema subirini, ungesubiri. Fundi mwenzako alikuwa amekupigia simu jioni iliyotangulia kwamba nafasi imepatikana tena na haitakaa wazi, nami nilikuwa nimesikia. Nafasi ile ingekwenda, na wewe ungebaki hapa Igoma ukipaka mafuta milango isiyolia, na kila siku nikitoka shule ningesikia kikohozi chako.

Nikasema, "Ndiyo. Aende."

Ni maneno mawili. Uliona Baba Mkubwa akijipiga goti kwa furaha, na ukashusha pumzi. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu ndiyo ya upande wa pili. Ila hakuniambia jinsi inavyotoka. Mimi niliondoka nikaenda nyuma ya nyumba kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sasa mashine yako imenyamaza. Mzee Salum analijaribu geti lake, linafunga vizuri, anasema utakumbukwa kila likifungwa. Mkeo anakuuliza kama utakula na ovaroli au utaivua. Nina muda kidogo.

Kule Kigoma utakuwa mgeni. Nakujua. Wakubwa watasema ni sawa, nawe utatazama chini kwa heshima, kama ulivyotazama chini mbele ya kaka yako. Uliniambia mwenyewe kwamba chuma kikichomwa kwa haraka upande mmoja kinapinda, na mtu anaona baadaye, kimeshapoa. Basi ukiona mshono wa meli ambao moyo wako unaukataa, na wote wameshaupitisha, omba utazamwe tena. Huhitaji kugomba. Sema tu, "Naomba tuutazame." Meli itabeba watoto wa watu, watakaolala juu ya mshono huo bila kujua jina lako. Wakikucheka, waache wacheke, mimi nilikuwa Mpinga Msiba na bado nipo. Lakini kumbuka pia kuna mtu analipa kila saa ya kusubiri, umwangalie ni nani. Na kazi ikiwa safi, iseme kwa sauti. Usiwe mtu wa kusikika kwenye makosa tu. Kisha ukale chakula na yule uliyempinga, ikiwezekana sahani moja.

Kuna kitu sikukisema Bujora wala mahali pengine. Katika dunia nzima watu wanaoniita Mama ni wawili, wewe na Baba Mkubwa, na yeye huniita akiwa na jambo. Wewe huniita bure. Asubuhi, ukitafuta soksi. Jioni, ukiomba maji. Ukiondoka hakuna atakayeniamkia. Nitakuwa Kabula tu, msichana wa kidato cha tatu anayeinamia vitabu, dada yake Daudi. Nitabaki mtoto. Sikujua kwamba ukubwa wangu wote ulikuwa kwenye mdomo wako.

Ndiyo maana nakuambia mapema kitakachotokea kesho, ingawa utakisoma kikiwa kimeshatokea. Barua hii naiweka ndani ya kinyago chako, kwenye begi, na nitaandika juu yake usiifungue kabla hujavuka daraja la Busisi. Unanitii mambo madogo, kwa hiyo najua utakuwa upande wa Sengerema unaposoma hapa, na nyuma yako kuna maji.

Alfajiri mkeo atakuwa amewasha jiko. Bajaji ya kukupeleka stendi ya Nyegezi itakuwa inaunguruma nje. Utasimama mlangoni na begi begani, utasema, "Shikamoo, Mama," kama ulivyosema kila siku ya maisha yangu. Nami nitanyamaza.

Utadhani nalia, au nimekasirika, au usingizi haujaisha. Mkeo atanigusa na kiwiko. Dereva atapiga honi. Nitakuwa nimesimama, nakutazama: ndevu zako, alama ya cheche juu ya mkono wa kushoto, suruali mpya ambayo pindo lake limeshonwa leo. Sikuzuii. Baraza langu halina uwezo huo, na nimeshasema ndiyo mbele ya watu, sitaigeuza. Lina uwezo wa kuchelewesha tu, mara moja, ili kitu kisipite bila kutazamwa.

Nikishakutazama vya kutosha nitasema, "Marahaba, mwanangu. Usichelewe kazini."

Mama yako,
Kabula wa Maduhu